Mbwa Wako Ananuka Mdomo?

Wako wanaosema, "Mbwa ni mbwa, lazima anuke." Siyo kweli. Mbwa mwenye afya hanuki mdomo kiasi cha kukufanya ugeuze uso. Ukisikia uvundo, kuna jambo.

Mara nyingi jambo lenyewe ni meno. Mbwa mzima ana meno 42. Mabaki ya chakula na vijidudu hufanya utando juu ya meno hayo. Utando ukikaa siku nyingi huwa mgumu kama jiwe. Huo ndio ukoga. Ufizi huvimba, hutoa damu, jino hulegea. Utamwona mbwa anatafuna upande mmoja, au anaacha chakula na huku ana njaa. Ukoga mgumu usiukwangue kwa kisu, utamjeruhi. Mwachie daktari wa mifugo. Mtoto wa mbwa mzoeze mapema: funga kitambaa safi chenye maji kidoleni, umsugue meno. Dawa ya meno ya watu usimpe, maana mbwa hatemi, humeza yote. Na mifupa iliyopikwa je? Usimpe, hasa ya kuku. Huvunjika vipande vyenye ncha, vikakwama mdomoni na kuoza.

Sasa hapa ndipo penye hatari. Mbwa aliyekwamwa na mfupa hutokwa mate, huacha mdomo wazi, hushindwa kumeza. Lakini mbwa mwenye kichaa naye huweza kuwa hivyo hivyo! Taya hulegea, mate humtoka, sauti hubadilika. Mwenyewe humwonea huruma, akaingiza mkono kutafuta mfupa. Kumbe mate yale yana virusi vya kichaa. Mchubuko mdogo tu mkononi watosha kuvipitisha. Na dalili zikishamtokea mtu, karibu hakuna anayepona.

Basi usiingize mkono. Waondoe watoto. Kama unaweza kumfungia bila kumgusa, mfungie, kisha mwite bwana mifugo. Ikiwa ameng'ata mtu, au mate yamegusa kidonda, osha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Siku hiyohiyo nenda hospitali ukachanjwe. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Mbwa naye huchanjwa. Huanza akiwa na miezi mitatu, halafu kila mwaka.

Maswali ya kuzungumza:
1. Mbwa wa nyumbani kwako alichanjwa lini?
2. Mbwa anatokwa mate na mdomo uko wazi. Utafanya nini kwanza?