NAOMI NA RUTHU KAMBINI: KUWATUNZA WAJAWAZITO NA WAZEE WETU

Somo: Ruthu, sura ya 1 hadi ya 4

Somo letu la mwezi huu linatoka katika kitabu cha Ruthu. Ni sura nne tu, mkisome nyumbani kabla hatujakutana, kwa sababu tutazungumza juu ya watu wawili tunaoishi nao kila siku: mama mjamzito na mzee.

Naomi alikuwa mkimbizi kama sisi. Njaa ilimtoa Bethlehemu na jamaa yake, wakaenda Moabu, na huko akamzika mume wake na wanawe wawili. Aliporudi aliwaambia wanawake wa mji wasimwite tena Naomi, bali Mara, maana yake uchungu. Hatusomi popote kwamba wanawake wale walimkemea. Sisi je?

Tuseme ukweli wetu. Mama mmoja wa kwaya alijifungua salama, tukaenda kumshangilia na sabuni na kanga. Wiki ya tatu hakutaka kumtazama mtoto. Hakulala hata mtoto alipolala, chakula kilimshinda, alilia bila kujua sababu. Tulimwambia amshukuru Mungu kwa mtoto mzima na aache kunung'unika. Tukatangaza mfungo wa siku tatu kwa ajili yake, naye tukamfungisha huku ananyonyesha! Shemeji yake ndiye aliyempeleka hospitali, baada ya kumsikia akisema kwamba mtoto angekuwa heri bila yeye. Alisaidiwa, leo anaimba nasi, na ameturuhusu tuyaandike haya. Sisi wazee wa kanisa tulikwenda kumwomba msamaha.

Alikuwa mgonjwa. Wataalamu huita sonona. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi zinazoendelea, kati ya wanawake 100 wajawazito wapatao 16 hupatwa na ugonjwa wa akili, hasa sonona, na baada ya kujifungua hufika karibu 20. Hesabu hiyo haikuchagua wenye imani na wasio nayo. Basi ukimwona mama amejitenga wiki mbili au zaidi, amekata tamaa, hajali mwili wake wala mtoto, kaa naye, umsikilize, kisha umsindikize kwa mganga wa kituo. Akitamka habari ya kufa, muulize wazi kama anafikiri kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake siku hiyo.

Kuhusu mwili, mengi mmefundishwa kliniki. Tunakumbusha tu kwamba mahudhurio yanayoshauriwa tangu 2016 ni manane, si manne kama zamani, na la kwanza ni kabla ya wiki ya 12. Huku Kigoma malaria ni nyingi, kwa hiyo chandarua cha mjamzito kisiuzwe hata mgao ukiwa umepungua (tunajua vinauzwa, na tunajua kwa nini). Vidonge vya kuongeza damu vimezwe, visiwekwe tu kwenye mfuko wa kadi. Na haya hayangoji asubuhi wala mwisho wa ibada: kutokwa damu, maumivu makali ya kichwa na macho kuona giza, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, chupa kuvunjika kabla ya wakati, mtoto kuacha kucheza tumboni. Akina baba, machela na watu wa kubeba vipangwe mapema. Usiku wa manane si wakati wa kutafuta jirani mwenye baiskeli.

Tena tumekubaliana: wajawazito, wanaonyonyesha, na wazee wenye kisukari au wanaotumia dawa hawataitwa kwenye mifungo. Waombe wakiwa wamekula.

Sasa wazee. Wengi wetu tulivuka ziwa mwaka 1996. Aliyekuwa na miaka 40 alipofika Nyarugusu, leo anakaribia 70, na wenziwe wengi wamezikwa hapa au wamepelekwa Marekani. Mzee anayekaa kimya siku nzima mlangoni pengine hana tena wa kuongea naye lugha ya kwao. Wapo wanaoacha kwenda kuchukua mgao kwa sababu foleni inawashinda, nao wanaona aibu kusema. Wapo wanaoacha vidonge vya presha wakijisikia nafuu, kumbe presha huua bila kuuma. Na kiu hupungua uzeeni, kwa hiyo mpe maji hata kama hajaomba.

Jambo moja ni gumu kulisema. Bibi anayesahau majina ya wanawe, anayetoka usiku na kupotea, anayesema peke yake, anaweza kuwa na ugonjwa wa ubongo unaowapata wazee. Macho mekundu ni ya moshi wa kuni wa miaka mingi. Tumesikia neno uchawi likinong'onwa hata katika makundi yetu ya maombi. Atakayemtaja mzee hivyo ataitwa mbele ya baraza la kanisa, kwa sababu neno hilo limewahi kuua watu.

Turudi kwa Ruthu. Sura ya 4 inasema kwamba mtoto alipozaliwa, Naomi alimpakata kifuani akawa mlezi wake, na majirani ndio waliompa jina, Obedi. Mzee aliyejiita uchungu alipewa kazi, na mzazi mpya alipata mikono ya kumsaidia.

Tunataka kujaribu hivyo hivyo. Kila mama anayejifungua atapewa bibi mmoja wa jirani, atakayekaa naye mchana katika siku 40 za kwanza, na familia itampikia bibi huyo pamoja na mzazi. Kuni na maji vitaletwa na vijana. Mabibi walio tayari, na wajawazito wasio na ndugu hapa, waandikishe majina kwa mama kiongozi wa kikundi baada ya ibada ya Jumapili. Kwa mkutano wa katikati ya wiki, kila nyumba ije na jibu la swali hili: ni mzee gani wa mtaa wetu ambaye hatujamwona tangu mgao uliopita?