Ukinunua lethi kuukuu, acha chuma chakavu kikufundishe kabla ya kushika kazi ya mteja

Leo naongea na wale wenye duka la spea, gereji ndogo au banda la kuchomelea, ambao wameona mashine kuukuu ya kuchonga vyuma inauzwa mahali na roho inawadunda. Kamusi inaiita kerezo. Sisi mtaani tunasema lethi. Ni ile mashine inayozungusha chuma halafu wewe unakisogelea na kisu.

Mimi nina duka la spea za baiskeli na pikipiki hapa Chemchem. Nimeishia kidato cha nne, lethi sikusomea popote. Nilinunua ndogo, imechakaa, kwa milioni moja na laki nane, kwa sababu tu nilikuwa napenda kuangalia mafundi wakichonga. Jioni nikifunga duka naingia nyuma nacheza nayo. Ilikuwa starehe yangu. Tatizo lilianza pale nilipotaka starehe inilipe haraka.

Huku kwetu chuma sio kitu kigeni. Enzi za misafara, majembe yaliyofuliwa na wahunzi wa Kisumbwa na jirani zao yalikuwa yanauzwa hapa Unyanyembe, na watu waliyatumia kama hela, hadi kwenye mahari. Reli ikafika Tabora 1912, Kigoma 1914, na palipo na treni lazima pawe na mafundi wa kuchonga. Hao wazee na watu waliowafundisha bado wapo mtaani. Nilikuwa nao jirani na sikuwauliza. Nilijiona nimeshajua.

KOSA LANGU

Mwezi wa pili tu tangu ninunue, alikuja mama mmoja mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Shafti yake imelika pale beringi inapokaa. Beringi ni 6206. Kwa wauza spea wenzangu, shikeni hii: kuanzia 04 kwenda juu, namba mbili za mwisho zidisha kwa 5, unapata tundu la beringi kwa milimita. 6204 ni 20, 6205 ni 25, 6206 ni 30. Kwa hiyo shafti ilitakiwa iwe 30.

Nikamwambia, "Mama, kesho jioni njoo uchukue." Elfu arobaini. Nikachonga shafti mpya, nikafika 30.4. Imebaki 0.4 tu. Nikazungusha hendo ya kuingiza kisu alama za 0.4, nikapitisha. Kupima, 29.6!

Beringi ikaingia yenyewe kama pete kwenye kidole cha mtoto. Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo ndilo kubwa. Nilikata kipande cha kopo la soda, nikakizungushia kwenye shafti, nikagonga beringi ikakaza. Nikampa mama. Akanishukuru kabisa.

Siku ya nane akarudi. Kopo limesagika, beringi imekula shafti, mashine imesimama katikati ya msimu wa kuvuna mpunga. Wateja wake wamehamia kwa jirani. Nilirudisha elfu arobaini, nikanunua beringi mpya, nikalipia shafti nyingine kwa fundi mzee. Hela iliuma, lakini kilichouma zaidi ni alichosema yule mama, tena bila kufoka: "Mwanangu, ungeniambia tu kwamba bado unajifunza. Ningesubiri."

Nilikosa usingizi siku hiyo. Kesho yake nikaenda kwa yule yule fundi mzee, nikamwambia, "Shikamoo baba, naomba unifundishe." Hivi ndivyo nilivyofundishwa.

1. KABLA YA KUNUNUA

Lethi kuukuu sio mbaya, mbaya ni kununua bila kuikagua. Angalia kitanda, yaani zile reli ndefu ambazo gari la kisu linatembea juu yake. Huwa linalika zaidi karibu na chaki (ile sahani yenye taya tatu inayokamata chuma), kwa sababu kazi nyingi zinafanyika hapo. Sukuma gari kutoka mwanzo hadi mwisho. Likiwa limelegea karibu na chaki na linakaza ukifika mbali, kitanda kimelika.

Funga bomba refu kwenye chaki, linyanyue kwa mkono. Ukisikia linacheza juu na chini, beringi za kichwa zimechoka au zinahitaji kukazwa.

Uliza gia za akiba. Karibu mwaka 1800 Henry Maudslay wa Uingereza alitengeneza lethi yenye skrubu ndefu inayovutwa na gia, ndipo kukata hesi zinazofanana kukawa rahisi. Mashine nyingi kuukuu bado zinafanya kazi kwa mtindo huo. Gia zikipotea, utachonga bushi na shafti, lakini hesi nyingi hutaweza. Yangu ilikuwa na gia tatu tu na sikujua hata kuuliza.

Mwisho ni umeme. Mota ya fezi tatu haitawaka kwenye nyumba ya fezi moja bila kubadilisha mota au kuweka kifaa cha kubadili umeme. Mpeleke fundi umeme akaione kabla hujatoa hela.

2. USALAMA, HAPA HAKUNA UTANI

Mzee aliniambia mashine ya kuchomelea itakuunguza, lakini lethi itakuvuta. Usivae glavu mashine ikizunguka. Usivae shati la mikono mirefu, pete, wala kamba ya shingoni. Dada zangu, nywele fungeni na kanga acheni mlangoni. Miwani ni lazima.

Ufunguo wa chaki usiuache kwenye chaki hata sekunde moja. Ukiwasha ukiwa umebaki pale, unaruka kama jiwe la manati. Mkono usiuachie mpaka umeutoa.

Zile nyuzi za chuma zinazotoka, usizivute kwa mkono hata zikionekana laini. Zinakata kama wembe. Tumia ndoano ya waya, na mashine izime kwanza. Na kupima pia, zima kwanza.

3. CHUMA CHA KUJIFUNZIA

Nilianza na vipande vya nondo kwa sababu viko kila mahali. Nikahangaika. Nondo ina mabonde, kisu kinagongagonga, na ugumu wake haulingani. Springi za gari nazo ni ngumu mno kwa mwanafunzi. Tafuta kwenye skrepa shafti za chuma laini, mviringo, unene kati ya milimita 20 na 40. Aluminiamu na shaba nyeupe nazo ni rahisi. Kwa mwezi mzima chonga hivyo tu.

4. KASI

Kwa kisu cha kawaida cha haispidi na chuma laini, chukua 8000 gawanya kwa kipenyo cha chuma kwa milimita. Jibu ni mizunguko kwa dakika. Chuma cha 40 ni mizunguko 200. Chuma cha 20 ni 400. Mashine yako ikiwa haina namba hiyo kamili, chukua iliyo chini yake. Chuma kinene kinataka polepole. Wengi tunafanya kinyume, tunaona ni kikubwa tunaongeza kasi, kisu kinaungua kinakuwa bluu, tunasema kisu ni feki.

5. KISU KIKAE KATIKATI

Ncha ya kisu lazima iwe usawa wa kati wa chuma. Mbinu ya mzee: mashine ikiwa imezimwa, weka rula nyembamba ya chuma wima kati ya ncha ya kisu na chuma, kisha sogeza kisu taratibu kiibane. Rula ikisimama wima, uko sawa. Kichwa cha rula kikiinama kuja kwako, kisu kiko chini. Kikiinama kwenda mbali nawe, kisu kiko juu. Inua kisu kwa kuweka vipande vya bati chini yake. Hakikisha pia ukichonga uso wa mbele: kikibaki kichuchu katikati, kisu bado hakijakaa.

Chuma kisichomoze nje ya chaki zaidi ya mara tatu ya unene wake. Kikizidi hapo, kishike na ile ncha ya mkia wa mashine. Bila hivyo kinapinda kikikwepa kisu, na shafti inatoka nene upande mmoja.

6. HENDO INADANGANYA

Hapa ndipo nilipoangukia. Chuma kinazunguka, kwa hiyo kisu kikiingia 0.4 kinaondoa 0.4 upande huu na 0.4 upande ule. Kipenyo kinapungua 0.8. Ndiyo maana 30.4 yangu ikawa 29.6. Lakini kuna mashine nyingine alama zake zimeshahesabu kipenyo moja kwa moja. Utajuaje yako? Pima kipande, ingiza alama za 0.5, chonga, pima tena. Kikipungua 0.5, alama zako ni za kipenyo. Kikipungua 1, kila unachoingiza zidisha kwa 2. Andika jibu kwa rangi ubavuni mwa mashine.

La pili ni mchezo. Mashine kuukuu ukigeuza hendo kurudi nyuma, inazunguka kidogo bure kabla kisu hakijasogea. Kwa hiyo ukipitiliza usirudishe kidogo. Rudi nyuma nusu mzunguko mzima, kisha njoo mbele mpaka kwenye alama yako. Siku zote malizia ukienda mbele.

Na milimita ya mwisho isile kwa tamaa. Ikibaki 0.4, ondoa 0.2 ya kipenyo, zima, acha chuma kipoe, pima, ndipo umalizie. Chuma cha moto kimevimba, ukikipima hapo hapo kitakudanganya.

7. MTIHANI WA BUSHI KUMI

Nilipoona nimeiva nikampelekea mzee bushi moja, safi, inang'aa. Akaigeuzageuza akasema, "Nzuri. Niletee tisa nyingine kama hii." Nilidhani ananitania. Nilimaliza wiki mbili na skrepa kibao. Ya kwanza kutoka vizuri inaweza kuwa bahati. Kumi zinazoingia kwenye tundu moja bila kugonga na bila kucheza, hapo mkono umejua. Nami nakupa mtihani huo huo. Kabla hujafaulu, usichukue hela ya mtu.

Ukiwa na nafasi, ulizia VETA Tabora kama wana kozi fupi, au ofisi ya SIDO. Lakini hata ukisoma, bushi kumi ni zako.

8. UKIANZA KUPOKEA KAZI

Anza na vitu vidogo vya duka lako: bushi, pini, vipete vya kuzibia nafasi. Ukiharibu, hasara ni ya skrepa. Kwenye daftari andika kila kazi: chuma, kisu, umeme, na saa ulizotumia. Mimi saa nilikuwa siandiki, nikawa nauza bushi kwa elfu mbili niliyoichonga saa tatu.

Kazi usiyoiweza, sema siiwezi, mwelekeze kwa fundi anayeiweza. Na ukikosea, mwambie mteja kabla hajaondoka dukani. Kosa langu la hesabu lingeweza kusahihishwa siku ile ile kwa chuma kingine. Kipande cha kopo ndicho kilichonigharimu msimu wa yule mama.

Mwezi uliopita alirudi. Aliniletea pini mbili za mashine yake nimchongee, akasimama pale pale mpaka nikamaliza, akazipima mwenyewe kwa kuziingiza, akalipa. Shafti bado anapeleka kwa mzee. Sijamlaumu, ni haki yake. Nikiendelea hivi, labda msimu ujao ataniletea.

Kama kuna mwenzako anataka kununua lethi, mtumie hii asome kabla hajatoa hela. Kazi njema wakuu.