Bruce Onobrakpeya: Mchoraji kama Msomaji wa Fasihi

Wanafunzi wengi wa fasihi huipita michoro ya vitabuni kana kwamba ni pambo tu. Maisha ya Bruce Onobrakpeya, mchoraji na mchapaji picha wa Nigeria, yanadhihirisha kwamba kuchora pia ni kusoma. Msanii huyu, Mwurhobo, alizaliwa Agbarha-Otor mwaka wa 1932. Akisomea sanaa huko Zaria, alikuwa mwanachama wa Jumuiya ya Sanaa ya Zaria, chama cha wanafunzi kilichoundwa mwaka wa 1958. Wanachama hao walikataa kuzifanya mbinu za Ulaya kuwa kipimo cha pekee. Walizioanisha na jadi zao.

Mwaka wa 1967, tindikali iliharibu mabamba yake ya kuchapia. Aliyakarabati kwa gundi, na kutokana na kasoro hiyo akazua mbinu mpya ya chapa zenye miinuko. Mwaka uliofuata, tafsiri ya Wole Soyinka ya riwaya ya D.O. Fagunwa ilitoka ikiwa na michoro ya Onobrakpeya. Kwa hivyo, msitu uliosimuliwa kwa Kiyoruba ulifasiriwa mara mbili: kwa Kiingereza cha Soyinka na kwa mistari ya Mwurhobo. Je, mhakiki anayeichambua tafsiri ya kwanza na kuipuuza ya pili amekisoma kitabu chote?