SOMO: Namna ya kufanya mashini ya michezo kuwa sinema ya shule



Wengi wanatuuliza: ile PlayStation 3 iliyo katika sali ya maktaba, ni ya kuchezea mpira tu, ao iko na kazi ingine? Iko na kazi ingine, na kazi hiyo inaifanya vizuri kuliko mashini nyingi za DVD. Juu ya michezo yenyewe hatutasema neno hapa. Kuna walimu wasioipenda, kuna wanafunzi wanaoipenda kupita kiasi, na mabishano hayo tunayaachia kamati. Sisi tunataka kueleza namna ya kuonyesha filme.

Sababu ya kuandika ni hii. Mpaka leo wanaojua kuipanga ni watu wawili tu, na wote wawili ni wafinalisti. Egzetat ikiisha watafunga mizigo waende. Upande wa wasichana hakuna hata mmoja aliyeshika maneti yake. Mmoja wa hao wawili akishikwa na homa, mwingine akiwa na ruhusa, sali nzima inakaa mbele ya shuka jeupe lisilo na picha, na grupu inakula mafuta bure. Mambo ya watu wote hayawezi kukaa katika kichwa cha watu wawili.

Kwanza mujue ni kitu gani. PlayStation 3 ilitoka Japani mwezi wa 11 mwaka 2006, na utengenezaji wake huko ulikwisha mwaka 2017. Kwa ndani ni kompyuta kamili: iko na diski ya kuwekea mambo, iko na mlango wa waya wa rezo, na inasoma CD za muziki, DVD na Blu-ray. Blu-ray ni sahani inayofanana na DVD kwa macho, lakini DVD ya kawaida inabeba giga 4,7 na Blu-ray ya kawaida inabeba giga 25. Wanaopenda hesabu wafanye hii: picha ya DVD ya Ulaya iko na nukta 720 kwa upana na 576 kwa urefu, picha kamili ya Blu-ray iko na 1920 kwa 1080. Zidisheni, kisha mugawe. Mutaona kwamba ya pili iko na nukta mara 5 kamili. Ndiyo maana Blu-ray ikitupwa kwenye shuka kubwa, nywele za mtu zinaonekana moja moja.

Sasa umeme, juu ukikosea hapo hakuna somo tena. Soma kikaratasi kilicho nyuma ya mashini kabla ya kuingiza fishi katika prizi. Mashini ikiandikwa 220-240 V, ni ya umeme wetu. Ikiandikwa 100 ao 120 V tu, ni ya Japani ao ya Marekani: hapana kuiingiza mpaka mwalimu wa fizika aione. Kikaratasi hicho kinaonyesha pia nguvu inayokula. Modeli ya kwanza, ile nene, iliandikwa wati 380. Ile nyembamba ya mwaka 2009 iliandikwa wati 250. Hicho ni kiasi cha juu kabisa, filme haifiki huko, lakini ongeza projekteri na ampli, uone kama grupu ndogo itabeba. Tena washeni grupu kwanza, muiache itulie, ndipo mufungue mashini. Na iacheni ipumue. Nyuma yake pabaki nafasi ya kiganja cha mkono, isiwekwe juu ya blanketi, wala isifungiwe ndani ya kabati. Mukisikia feni inalia sana, hiyo ni vumbi ao ni joto.

PICHA NA SAUTI

Hapa ndipo watu wanapotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mashini haina picha yake yenyewe wala sauti yake yenyewe. Inatoa vitu viwili, na ni sisi tunaoonyesha kila kimoja mlango wa kupitia. Iko na milango mitatu inayotuhusu. Wa kwanza ni HDMI: waya mmoja mpana unaobeba picha na sauti pamoja. Wa pili unaitwa AV MULTI: hapo unaingia waya wenye vichwa vitatu, cha manjano cha picha, chekundu na cheupe vya sauti. Wa tatu ni kitundu kidogo cha nuru, unaobeba sauti tu, lakini ampli yetu haina mlango wa namna hiyo, kwa hiyo tuuache.

Ukiwa na televizyo ya kisasa, funga HDMI tu na kazi imekwisha. Taabu yetu ni projekteri. Inapokea HDMI, picha inakuwa safi, lakini sauti nayo inaingia humo humo ndani ya projekteri, ambayo spika yake ni ndogo sawa ya redio ya mfukoni. Watu mia mbili katika sali hawawezi kusikia kitu. Wengine wanafikiri dawa ni kuacha HDMI na kurudi kwenye waya wa manjano. Ndiyo, sauti itakwenda kwenye bafle, lakini picha itakuwa ya ukungu, na maandishi ya chini hayatasomeka kwa wanaokaa nyuma. Hiyo ni kuuza ng'ombe kwa kununua kamba.

Dawa ni kufunga nyaya zote mbili kwa mara moja. HDMI iende kwenye projekteri. Waya wa AV MULTI uende kwenye ampli, lakini kwa kile kichwa chekundu na kile cheupe tu. Cha manjano kibaki kinaning'inia. Halafu uiambie mashini. Katika safu ya Paramètres tafuta mahali pa sauti, ingia pale inapouliza mlango wa kutolea sauti, na badala ya HDMI uchague AV MULTI. Picha itaendelea kupita HDMI, na sauti itahamia kwenye bafle. Chaguo hilo linabaki ndani ya mashini, hakuna haja ya kulirudia kila juma. Lakini mtu akiichukua siku ya kucheza akaifunga kwenye televizyo ya walimu, televizyo itakuwa bubu, na watasema imeharibika. Haikuharibika: rudisheni HDMI mahali pale pale.

Jambo lingine linalotisha watu ni giza. Mashini imewaka, taa yake ya kijani inaonekana, lakini shuka ni jeusi. Mara nyingi ni kwa sababu ilizoea televizyo moja na leo imewekwa kwenye ekrani ingine. Izime mpaka taa iwe nyekundu. Kisha finya kibonyezo cha kuwashia bila kuachilia, kama hesabu ya tano pole pole, mpaka usikie mlio wa pili. Ndipo uachilie. Itaanza tena kutafuta ekrani, na utafuata maneno yanayokuja mbele. Lugha yetu haimo, lakini Kifaransa kimo, na kila mmoja wenu anakiweza.

Maneti nayo: mara ya kwanza inafungwa na waya, halafu unafinya kile kibonyezo cha katikati. Mujue kwamba mlango wake ni wa USB ya zamani, ndogo lakini nene. Waya wa telefone za siku hizi haungii. Tafadhali, waya huo usitoke katika sali ya maktaba kwa sababu yoyote.

FILME YENYEWE

Filme zinatufikia kwa njia mbili, sahani na flashi. Juu ya sahani kuna neno moja tu la kukumbuka, nalo ni zoni. Watengenezaji waligawanya dunia vipande vipande: kwa DVD, Ulaya ya Magharibi ni zoni 2, na sisi wa Afrika tuko zoni 5. Mashini iliyonunuliwa Ubelgiji inasoma DVD za zoni 2, na zile zisizo na zoni. Kwa hiyo DVD inayoletwa na mjomba kutoka Bruxelles itacheza, na nyingine ya dukani inaweza kukataa bila kuwa na kosa lolote. Kwa Blu-ray, Ulaya na Afrika ziliwekwa katika kundi moja, kundi B.

Flashi ndiyo inaleta machozi. Mashini hii inataka flashi iliyopangwa kwa namna ya FAT32. Ikipangwa kwa NTFS ao exFAT haitaonekana kabisa. Na FAT32 yenyewe haikubali faili moja inayopita giga 4. Basi filme ndefu sana ya picha nzuri inakatwa vipande viwili, ao inapunguzwa.

Pili ni namna ya faili. MP4 inacheza, AVI nyingi zinacheza, MKV haichezi. Kuna wajanja wanaofuta herufi MKV mwishoni mwa jina na kuandika MP4. Kumwita mbuzi ng'ombe hakumpi maziwa zaidi. Faili inapaswa kugeuzwa kweli, na programu ya bure inayoitwa HandBrake inafanya hivyo katika kompyuta bila intaneti. Chagua MP4, picha ya H.264 na sauti ya AAC. Kama filme iko na maandishi ya chini katika faili ya pembeni, iambie programu iyachome ndani ya picha kabisa, ndiyo njia ya hakika. Kugeuza filme moja kunaweza kula saa nyingi kwa kompyuta ya zamani, kwa hiyo inafanyika siku ya umeme, si dakika ishirini kabla ya watu kuingia. Filme ya Yesu ya mwaka 1979, ambayo wengi wenu muliiona kijijini kwenye shuka kama letu, iko na sauti ya Kiswahili. Ikiwa katika MP4 ya kawaida inaingia katika flashi ndogo na nafasi inabaki.

Ukiingiza flashi na safu ya Video ikakuambia hakuna kitu, usikate tamaa. Simama juu ya jina la flashi, finya pembetatu ya maneti, kisha uchague kuonyesha vyote. Faili zitajitokeza.

NA INTANETI?

Wanaoishi mjini watasema: kwetu filme zinatoka moja kwa moja katika intaneti, kwa nini taabu hizi zote? Tufanye hesabu. Netflix wenyewe wanaandika kwamba picha nzuri, si ile ya juu kabisa, inakula mpaka giga 3 kwa saa. Filme ya saa mbili ni giga 6, yaani mega elfu sita, kwa jioni moja, na kesho ukitaka kuiona tena unalipa tena. Muulize mzazi wako bei ya mega.

Tena wenye huduma hizo wanaacha mashini za zamani wakipenda. Waliokuwa na Wii ya Nintendo waliona: mwezi wa kwanza mwaka 2019 filme za intaneti zilizimwa kwa mashini hiyo duniani kote, na mashini zenyewe zilikuwa nzima. Hata baadhi ya mashini mpya zinaomba intaneti kwanza. PlayStation 4 ya mwaka 2013 inataka kuunganishwa mara moja kabla ya kukubali kuonyesha DVD ao Blu-ray, na CD ya muziki haisomi kabisa. Mutu asitucheke kwa ajili ya mashini yetu ya zamani.

Lakini kuna namna ya kupeleka filme kwa waya isiyohitaji intaneti hata kidogo, na hii tunaipenda kuliko zote. Kompyuta ya maktaba inawekwa programu ya bure, Universal Media Server. Waya wa rezo unatoka kwenye kompyuta mpaka kwenye ruta, na mwingine kutoka ruta mpaka kwenye mashini. Katika Paramètres, upande wa rezo, unaruhusu seva. Kisha kwenye safu ya Video unatafuta seva, na jina la kompyuta linatokea kama flashi nyingine. Hapo ile sheria ya giga 4 haipo tena, na hata MKV inachezwa, kwa sababu kompyuta inaigeuza njiani. Lakini iwe na nguvu, ama sivyo picha itakwama kwama. Masomo ya kemia ambayo mwalimu alitupatia yamewekwa humo tayari, na majaribio ambayo laboratware yetu haiwezi kuyafanya yanaonekana pale wazi.

Kuzima: finya kibonyezo cha katikati ya maneti kwa muda, chagua kuzima, ungoje taa nyekundu, ndipo ung'oe fishi. Moto ukikatika katikati ya filme, siku ya kuwasha mashini itataka kuchunguza diski yake. Muiache imalize, hata watu wakipiga mbiu.

Jumamosi hii, saa kumi, kabla ya ibada ya jioni, tunaomba darasa la tatu watume watu wanne katika sali ya maktaba, wawili wa kila upande wa internati. Nyaya zote zitakuwa zimefunguliwa na kuwekwa juu ya meza. Watazifunga wao. Sisi tutasimama nyuma, mikono mgongoni, na hatutajibu ulizo ambalo jibu lake liko katika karatasi hii.

Kapita wa shule, pamoja na wenzake wa kamati