SOMO LA KIKUNDI: MFANYAKAZI MGENI AMEFIKA, NANI ATAMFUNDISHA KUKAA?



Mara nyingi tumezungumza juu ya miradi: visima, mbuzi, vikapu vya mkoma. Leo tuzungumze juu ya mtu anayekuja na mradi. Mnamjua. Ameshuka kwenye ndege Lodwar, au kwenye gari kutoka Kitale, na chupa ya maji mkononi. Pengine ni Mzungu, pengine ametoka Nairobi au Kisumu. Kwetu tofauti si kubwa sana, maana wazee bado husema "naenda Kenya" wakisafiri kwenda upande wa Kitale. Mtu huyu ana mkataba wa mwaka mmoja au miwili, na sahihi yake yaweza kuamua kisima kichimbwe wapi. Shirika lake limemweleza kazi. Kumwonyesha mahali ni juu yetu. Kikundi kikinyamaza na kungoja, atapanga kwa yale aliyoyaona peke yake, na hayo hayatoshi.

Tukumbuke kiwanda cha samaki cha Kalokol. Tangu miaka ya 1970 Norway ilisaidia uvuvi ziwani, kwa wazo kwamba wafugaji waliopoteza mifugo wawe wavuvi. Kikajengwa kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki, kikamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilifanya kazi kwa muda mfupi tu. Kugandisha samaki katika joto lile kulitaka umeme mwingi na maji safi mengi, na gharama ikashinda bei ya samaki wenyewe. Halafu katikati ya miaka hiyo ya 1980 maji ya Ghuba ya Ferguson yakarudi nyuma, mahali pa kuvulia pakawa nchi kavu. Mwaka 1990 Kenya na Norway zikavunja uhusiano, wafanyakazi wale wakaondoka. Hawakuwa watu wabaya, hata barabara ya kutoka Kitale walisaidia kuijenga. Lakini ziwa letu hupanda na kushuka, na hilo mvuvi yeyote analijua. Na mtu ambaye utajiri wake ni ng'ombe hauzi mshipi wa samaki akanunua heshima. Akipata pesa za samaki, hununua mbuzi.

Basi mgeni afundishwe nini? Kwanza majira. Aliyefika wakati wa akiporo akaona majani mabichi na maziwa kwenye kibuyu, akaondoka kabla akamu haijakaza, hajaiona Turkana. Mwambieni mapema: mwezi fulani watu hawa watakuwa hapa, mwezi fulani watakuwa wamehama na mifugo, na mkutano utakaouitisha utahudhuriwa na wazee wagonjwa na watoto wa shule.

Pili, ardhi. Mgeni akitembea kando ya Turkwel huona miti mikubwa na hakuna ua wala kibao, akafikiri ni mali ya serikali au ya Mungu tu. Ninyi mnajua habari ya ekwar. Kipande kile cha miti ya mtoni kina familia yake, ndio wenye haki ya matunda ya miti ile na ya kulishia mbuzi wao wakati wa ukame. Anayefyeka pale kwa shamba la kikundi bila kuwauliza wenyewe ameanzisha kesi. Mgeni hawezi kujua hivyo kwa kutazama, na ramani haimwambii. Mwenyekiti ampeleke kwa wenye ekwar kabla karatasi haijaandikwa.

Jambo la ukalimani tulikazie sana, kwa sababu hapo ndipo mengi huharibika. Mzee anasema dakika kumi, anataja ukame wa zamani, anataja nani alichimba kisima kile na nani alikatazwa. Kijana wa Form Four anageuka na kusema: "Anashukuru, anaomba maji." Mgeni anaandika maji! Kijana hana nia mbaya. Anaona haya, au anadhani habari ndefu za mzee ni za kizamani. Kikundi kichague wakalimani wawili, mmoja mwanamke, na mzee aambiwe asimame kila baada ya sentensi chache. Mikutano itachukua muda zaidi. Sawa, ichukue.

Kuna hili la kuomba pia. Mgeni hukasirika akiombwa tumbako, sukari, kofia, hata saa yake. Kwao kuombaomba ni aibu. Sisi huku anayeomba amekuita mtu wake, kesho nawe utaomba kwake, na hivyo ndivyo watu wanavyopita ukame, mwenye mbuzi akimpa aliyefilisika. Mwelezeni, na mwambieni pia kwamba anaruhusiwa kukataa huku akicheka, kama sisi tunavyokataliana kila siku. Na ninyi msimgeuze mfuko wa kijiji. Neno emoit kwetu ni mgeni, na ni adui vilevile. Mtu anayeombwa tu asiulizwe habari za mama yake atabaki emoit.

Kakuma mambo ni magumu zaidi. Kambi ilifunguliwa 1992 kwa ajili ya Wasudani waliokimbia vita, na leo pamoja na Kalobeyei ina watu zaidi ya 250,000. Mfanyakazi mpya wa pale hulala ndani ya ua wenye mlinzi na jenereta, na kila baada ya wiki kadhaa huenda mapumziko. Wakimbizi hukutana nao kazini. Wenyeji anawaona langoni, wakitafuta kazi au wakiuza kuni. Kwa hiyo katika daftari lake kuna upande mmoja tu. Nani atamwonyesha kwamba mama wa Kiturukana aliyebeba makaa anabadilishana na mkimbizi kwa mahindi ya mgao, na kwamba mahindi yale yanapikwa katika awi za mbali ambazo shirika halijawahi kufika? Mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua, mgao ulikatwa. Aliyelijua jambo hili alielewa kwamba sufuria za upande wa pili wa lagga nazo zimepungukiwa. Kikundi cha wauza kuni kinaweza kumweleza hayo bila kugombana na mkimbizi yeyote.

Mwingereza Robert Chambers, aliyewahi kufanya kazi Kenya, aliandika kitabu mwaka 1983 juu ya ugonjwa huu wa wataalamu: huona vijiji vya kando ya barabara, huzungumza na wanaume na viongozi, hurudi mjini kabla ya giza. Dawa ni kutembea naye. Mwanzoni msimpe barua ya maombi. Mpelekeni alfajiri kabla jua halijawa kali mpaka awi isiyofikiwa na gari, akae chini, anywe chai, aone maji yanatoka umbali gani na nani anayabeba. Akina mama wamwambie achemshe maji ya kunywa, alale ndani ya neti, na asivuke lagga kwa sababu tu hapa mbingu ni safi, maana mvua ya milimani huteremka ghafla. Anayeugua mwezi wa kwanza hurudi kwao, na mwenzake akija mnaanza upya.

MASWALI YA KUJADILI (gawanyikeni watu watano watano, wanawake wakae peke yao kwanza)

1. Mfanyakazi wa mwisho aliyefika kwetu alijua nini kuhusu kijiji hiki siku aliyoondoka? Nani alimwambia?

2. Tuseme mgeni ana pesa za bustani kando ya mto na lazima zitumike kabla ya mwezi wa sita. Mahali alipopachagua ni ekwar ya familia iliyohama na mifugo. Mtamwambia nini, na mtu gani atatumwa kwa familia ile?

3. Wakalimani wetu wawili ni akina nani? Andikeni majina leo.

4. Ni awi gani mtampeleka kwanza, na kwa nini hiyo?