SOMO: PAA LA NYUMBA LINASHIKWA NA NINI?



Somo letu la mara hii ni juu ya paa la nyumba na fundi anayelipandisha. Pengine mmoja atauliza: Je, hilo nalo ni somo la shule? Ndiyo. Ndani yake mna hesabu, mna fizika, mna jiografia, na mna haki ya mfanyakazi. Tena wadogo zetu wanalala chini ya lile bati kila usiku.

I. UPEPO WETU NI UPI?

Kwenye radio tunasikia habari za vimbunga. Usiku wa tarehe 14 Machi 2019 kimbunga Idai kilipiga mji wa Beira, Msumbiji. Tarehe 14 Desemba 2024 kimbunga Chido kilipiga kisiwa cha Mayotte, na vibanda vingi vya mabati vikafagiliwa kama majani. Hata pwani ya Waswahili imekwisha kuonja: Unguja tarehe 15 Aprili 1872, na Lindi mwezi wa Aprili 1952.

Je, kimbunga cha namna ile kinaweza kufika Goma? Hapana. Kimbunga kinazaliwa juu ya bahari yenye maji ya moto, na kinahitaji mzunguko wa dunia ili kipinde upepo uzunguke. Karibu na ikweta nguvu hiyo ya kupinda ni ndogo sana. Sisi tuko karibu digrii 2 tu kusini ya ikweta, na bahari iko mbali.

Lakini tusifurahi upesi. Upepo wetu ni wa namna nyingine. Wingu kubwa la mvua linapokomaa, hewa baridi inaanguka kutoka juu pamoja na mvua. Ikifika chini haina pa kwenda, basi inatawanyika pande zote kwa nguvu. Juu ya ziwa Kivu hakuna mti wala ukuta wa kuizuia. Fasi za ukingoni kama Kituku zinaipokea ya kwanza. Inapita kwa dakika chache, halafu kimya. Lakini dakika chache zinatosha kwa paa lisilofungwa.

II. HESABU KIDOGO

Watu wengi wanafikiri upepo unasukuma paa chini. Sivyo. Upepo ukipita juu ya paa kwa mbio unalinyonya kwenda juu, zaidi kwenye pembe na kwenye kingo. Na kama mlango uko wazi, upepo unaingia ndani na kusukuma kutoka chini. Hivyo paa linavutwa na kusukumwa pamoja.

Chukua upepo wa kilomita 72 kwa saa. Nguvu yake ni karibu kilo 25 kwa kila mita moja ya mraba. Nyumba ndogo yenye paa la mita 6 kwa mita 5 ina mita 30 za mraba. Basi:

30 x 25 = kilo 750 za kuvuta juu.

Mabati yenyewe yana uzito gani? Bati la kawaida ni karibu kilo 3 kwa mita ya mraba, ndiyo kilo 90 kwa paa zima. Hata ukiongeza mbao zote za juu, bado upepo unashinda. Na mbio za upepo zikiongezeka mara mbili, nguvu haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Wanafunzi wa fizika wanajua sababu: mbio zinazidishwa kwa zenyewe.

Kwa hiyo yale mawe tunayoona juu ya mapaa hayatoshi. Jiwe la kilo 10 haliwezi kushinda kilo 25. Tena likianguka, litaanguka juu ya mtu.

III. MNYORORO WA VIUNGO VINE

Kama uzito haushiki paa, basi linashikwa na nini? Linashikwa na viungo. Vihesabu kutoka juu kwenda chini:

1. Bati limeshikwa na pau, ndizo zile mbao nyembamba zinazolala chini yake.
2. Pau zimeshikwa na kenchi, ndiyo miti iliyounganishwa kama pembe tatu.
3. Kenchi imeshikwa na ukuta.
4. Ukuta umeshikwa na udongo au jiwe.

Mnyororo unakatika penye kiungo kibovu. Mtu anaweza kununua bati zuri sana na misumari mingi, lakini kama kenchi imewekwa tu juu ya ukuta, paa litaruka zima zima, bati na mbao pamoja.

Hapa Goma kiungo cha nne ni shida yetu wenyewe. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji hadi ziwani, na watu wengi wakajenga tena juu ya lile jiwe jeusi, kwa mbao. Jiwe lile ni gumu kuchimba. Ndiyo maana nguzo nyingine zimesimamishwa juu ya mawe tu, hazikuingia ndani. Nyumba ya mbao ni nyepesi. Nguzo zake zisiposhikwa, upepo hauchukui paa peke yake. Nguzo ya pembeni iwekwe ndani ya shimo lililotobolewa kwenye jiwe, au ifungwe kwa chuma na simenti.

Halafu iko adui ya pili. Moshi wa volkano una gesi ya kiberiti, na mvua ikipita ndani yake inakuwa na asidi. Asidi inakula bati na kichwa cha msumari. Kiungo kilichokuwa kizuri mwaka wa kwanza kinaweza kuoza bila mtu kuona.

IV. NAMNA YA KUMCHAGUA FUNDI

a) Usiulize kwanza bei. Uliza: "Papa fundi, ulipandisha paa gani hapa karibu miaka mitatu iliyopita?" Nenda ulitazame, na uongee na mama mwenye nyumba. Paa jipya kila moja linapendeza. Paa lililopita misimu kadhaa ya mvua ndilo linatoa ushuhuda. Hii ni faida ya fundi wa mtaa: kazi yake inaonekana, na yeye mwenyewe anapatikana likitokea jambo.

b) Muulize: "Kenchi itashikwa na ukuta kwa kitu gani?" Fundi mwenye akili atataja waya nene usioshika kutu upesi, au ukanda wa chuma, au nondo iliyofungwa ndani ya simenti. Akijibu, "Uzito wa bati unatosha," mkumbuke hesabu yetu.

c) Mwite kabla ukuta haujakwisha. Nondo ya kufungia paa inaingizwa wakati wa kujenga ukuta. Ukuta ukishamalizika, kazi inakuwa ngumu na pesa inaongezeka.

d) Kubalianeni juu ya misumari. Iwe ya kofia, ipigwe juu ya mgongo wa bati, si katika bonde ambapo maji yanapita. Kwenye kingo za paa, msumari mmoja kila mgongo wa pili. Katikati, kila mgongo wa tatu inatosha.

e) Angalieni unene wa bati. Namba ya BG inadanganya macho: BG 32 ni nyembamba kuliko BG 28. Namba ikipanda, bati linapungua.

f) Kazi ifanyike wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, kabla ya mvua za Septemba. Fundi anayekimbizana na mvua anaruka viungo.

V. DEVI NA MALIPO

Tuseme ukweli. Paa likiruka tunamlaumu fundi. Lakini mara nyingi fundi aliandika kilo tano za misumari kwenye devi, na mwenye nyumba akasema: "Hapana, tatu zinatosha." Aliandika waya, nao ukafutwa. Vitu vinavyofutwa kwanza ni vile ambavyo havitaonekana, na ndivyo vinavyoshika paa. Ukitaka kupunguza gharama, afadhali upunguze ukubwa wa nyumba au urembo wa mbele, usipunguze kiungo.

Malipo yagawanywe mara tatu, na yaandikwe. Sehemu ya kwanza ni avansi ya kuanza. Sehemu ya pili itolewe kenchi na pau zikishafungwa, KABLA bati halijapanda. Siku hiyo kazi isimame kidogo, mwenye nyumba apande ngazi, ashike kila kiungo kwa mkono wake. Bati likishafunika, hakuna anayeona tena. Sehemu ya mwisho itolewe kazi ikimalizika, siku ileile, bila "Rudi kesho, papa." Fundi naye ana watoto shuleni.

Wewe mwanafunzi una kazi hapa. Unajua kusoma na kuzidisha. Wazazi wanapoketi na fundi, omba ruhusa kwa heshima, keti nao, andika devi kwenye daftari. Kila mwaka mwezi wa Julai, zunguka nyumba pamoja na mkubwa mmoja, mtazame misumari iliyolegea na waya ulioliwa na kutu.

VI. NENO LA MUNGU

Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza ajengaye nyumba afikiri juu ya usalama wa watu hata pale darini. Yeremia 22:13 inamlaani ajengaye nyumba bila kumlipa mfanyakazi. Na katika Matayo 7:24-27 mvua na upepo vilipiga nyumba zote mbili, ya mwenye akili na ya mjinga. Bwana hakuahidi kwamba upepo hautakuja kwa wenye akili. Sisi wa Goma mwamba tunao tele chini ya miguu. Kazi iliyobaki ni kufunga nyumba kwake.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Paa la nyumba yenu lina mita ngapi za mraba? Upepo wa kilomita 72 kwa saa utalivuta kwa kilo ngapi?
2. Katika viungo vine, ni kipi kibovu zaidi nyumbani kwenu? Kitatengenezwa kwa kitu gani?
3. Mama mjane ana pesa ya bati BG 28 bila waya wa kufungia, au BG 30 pamoja na waya. Utamshauri nini, na kwa sababu gani?

Mungu awalinde, na mvua za Septemba zitukute tumejitayarisha.