Mita 28: Hesabu ya Breki kwa Dereva na Mwanafunzi

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa dereva wa gari au pikipiki, na kwa mwanafunzi wa sekondari anayesoma fizikia. Wote wawili wana swali moja: breki zikifungwa, chombo kinasimama baada ya umbali gani?

Swali

Sheria za barabarani za Tanzania na Kenya zinaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya miji. Dereva wa kwanza anautii. Wa pili anakwenda 60. Kila mmoja anamwona mtoto amesimama barabarani, mita 28 mbele yake. Lami ni kavu na breki ni nzima. Nini kitatokea?

Tuchukulie mambo mawili:

- Dereva anatumia sekunde 1 tangu kumwona mtoto hadi kukanyaga breki.
- Breki zikishika, kila sekunde inayopita mwendokasi unapungua kwa mita 7 kwa sekunde.

Upungufu huo haubadiliki, ndiyo maana tunauita mchapuko sare. Na kwa kuwa unapunguza mwendo, tunauandika kwa alama ya kutoa: a = −7.

Hatua ya 1: Badili vipimo

Gawanya kilomita kwa saa kwa 3.6 upate mita kwa sekunde. 50 inakuwa 13.9, 60 inakuwa 16.7.

Hatua ya 2: Tenganisha safari

Hapa ndipo wengi hukosea. Katika sekunde ya kwanza gari bado linakwenda kwa mwendo uleule; breki hazijaguswa. Kanuni za mchapuko zinaanza kufanya kazi baada ya hapo. Ukizitumia kwa mita zote 28, utapata kwamba dereva wa pili anasimama baada ya mita 20 hivi na mtoto amepona. Si kweli.

Hatua ya 3: Chagua kanuni

Muda wa kufunga breki hatukupewa wala hatukuulizwa. Basi tunachukua kanuni isiyo na muda:

v² = u² + 2as

u ni mwendokasi wa kuanzia, v wa mwisho, a mchapuko, s umbali.

Hatua ya 4: Dereva wa kwanza

Kabla ya breki: mita 13.9.
Anaposimama, v = 0. Kwa hiyo 0 = 13.9² − 14s, na s = 193.2 ÷ 14 = mita 13.8.
Jumla: mita 27.7. Gari limesimama, na mtoto hakuguswa.

Hatua ya 5: Dereva wa pili

Kabla ya breki: mita 16.7. Zimebaki 11.3 tu.
Sasa umbali tunaujua. Tunachotafuta ni mwendokasi gari linapomfikia mtoto.
v² = 16.7² − 14 × 11.3 = 120.7
v = 11, yaani karibu kilomita 40 kwa saa.

Kilomita 10 za ziada zimeleta mgongano wa kilomita 40. Sababu imo ndani ya kanuni: mwendokasi umeinuliwa kwa kipeo cha pili. Ukiuzidisha mara mbili, umbali wa breki unaongezeka mara nne.

Jaribu mwenyewe

Basi linakwenda kilomita 80 kwa saa kwenye lami yenye maji. Chukua a = −4, na sekunde 1 kabla ya breki. Litahitaji umbali gani kusimama?

*Jibu:* 22.2 + 61.6, takriban mita 84.

Kwa dereva

Hesabu hizi zote zimemchukulia dereva aliye makini. Anayetazama simu kwa sekunde 2 akiwa kwenye 60 anakwenda mita 33.4 kabla hata ya kuinua macho. Katika swali letu, huyo anamgonga mtoto kwa kilomita 60 kamili, hata breki zake ziwe mpya.